UZI: Matangazo ya televisheni yenye picha kali kuliko sinema, tuyachambue fremu kwa fremu

JichoLaFremu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Watu wengi tangazo likianza wanatafuta rimoti. Mimi ndipo ninaposogea karibu na skrini. Kwenye televisheni ya fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde, tangazo la nusu dakika lina fremu 750, basi. Filamu ya saa mbili inaweza kumudu dakika kumi za watu waliokaa wanazungumza, tangazo halimudu hata sekunde kumi. Kila fremu imekaguliwa kona kwa kona na mtu anayejua kuwa uongo ukionekana mara moja tu, kazi yote imeharibika. Ndiyo maana nasema bila kung'ata maneno: baadhi ya picha bora zilizowahi kupita kwenye skrini zilitengenezwa ili kuuza televisheni, gari au bia, na zinastahili kuchambuliwa kwa heshima ileile tunayoipa sinema.

Uzi huu una hoja moja, mwenye cha kunibishia anibishie. Katika matangazo yanayobaki kichwani miaka nenda miaka rudi, kompyuta ilitumika zaidi kufuta kuliko kuongeza.

Chukueni Carousel, tangazo la televisheni za Philips la mwaka 2009 lililoongozwa na Adam Berg. Dakika 2 na sekunde 19. Majambazi waliovaa kama machale wanapambana na polisi hospitalini. Kuna risasi, moto, noti zimetapakaa hewani, na kila kitu kimeganda. Kinachotembea ni kamera peke yake. Ukiliona mara ya kwanza unadhani ni kompyuta tupu. Sivyo. Waigizaji walisimama kweli bila kutikisika, wengine wakishikiliwa kwa vyuma katika mikao ambayo mwili hauwezi kuibeba wenyewe, na kamera ikapita kweli katikati yao. Mafundi wa picha walikuja baadaye kufuta vyuma, kuunga vipande mpaka safari nzima ionekane ni moja, na kujaza pale palipobaki wazi. Tazameni shingo za wale watu. Mtu anayejizuia asitikisike ana mkazo fulani wa misuli, na huo mkazo ndio unaofanya uamini kuwa mlipuko ule ni wa kweli. Tangazo hili lilichukua Grand Prix, tuzo ya juu ya kitengo cha filamu kwenye tamasha la matangazo la Cannes Lions, mwaka huohuo, na kwangu lilistahili.

La pili ni Balls, tangazo la televisheni za Sony Bravia, 2005, mwongozaji Nicolai Fuglsig. Mipira ya kudunda 250,000 ya kila rangi ilimwagwa kwenye miteremko ya San Francisco, mingine ikirushwa kwa mizinga ya hewa. Mpira mmoja unaudanganya kwa kompyuta bila shida. Robo milioni inayogongana, inayopiga ukingo wa barabara, inayopotea chini ya gari na kutokea upande usioutarajia, hiyo ni fujo ambayo hakuna mtu angekaa mezani akaibuni. Mwaka uliofuata Sony walikwenda Glasgow na Jonathan Glazer, wakachukua jengo la ghorofa lililokuwa linasubiri kubomolewa, wakalilipua kwa lita 70,000 za rangi. Mimi bado naipenda mipira zaidi. Rangi inastaajabisha lakini macho hayajui pa kukaa, wakati mipira yote inashuka upande mmoja, na muziki wa gitaa la José González unaipunguzia kasi hata pale inaporuka juu ya paa.

La tatu ni Cog ya Honda, 2003, mwongozaji Antoine Bardou-Jacquet. Vipande vya gari la Accord vinagusana kimoja baada ya kingine kwa dakika mbili mpaka gari zima linashuka taratibu. Idadi ya majaribio inayotajwa siku zote ni 606. Watu wakiona matairi yanapanda mteremko yenyewe wanasema hapo wametudanganya. Hapana. Ndani ya matairi kulifungwa uzito, na uzito ukitafuta kushuka, tairi linapanda. Zile waipa zinazotambaa sakafuni zinaamshwa na matone ya maji, kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa na waipa zinazohisi mvua. Ujanja mkubwa wa kompyuta ni mmoja: studio haikuwa na urefu wa kutosha, kwa hiyo walipiga vipande viwili vya dakika moja moja na kuviunga pale silensa ya ekzosi inapobingirika sakafuni. Mahali pa kuunga nimekutajieni. Nendeni mkapatafute, halafu mrudi mniambie kama mmepaona.

Karibuni. Leteni yenu.

SitiYaMbele

Nimeshakaa. Endelea mkuu.

Mdadisi

Mkuu JichoLaFremu, uzi mzuri, ila hoja yako umeijenga kwa mifano inayokupendelea. Ngoja nikuletee inayokukataa.

Surfer ya bia ya Guinness, 1999, huyohuyo Jonathan Glazer. Nyeusi na nyeupe. Mtelezaji anasubiri wimbi, wimbi linakuja, na povu lake linageuka farasi. Nionyeshe kilichofutwa hapo. Farasi wameongezwa baharini! Bila farasi hao hakuna tangazo.

noitulovE, Guinness tena, 2005, mwongozaji Daniel Kleinman. Wanaume watatu wanakunywa bia, wanaanza kurudi kinyumenyume, wanageuka watu wa kale, nyani, viumbe vinavyoruka, mijusi, mpaka wanaishia samaki wa topeni pembezoni mwa dimbwi. Mamilioni ya miaka ndani ya dakika moja. Studio ya Framestore waliijenga karibu dunia nzima ya pale: milima inayeyuka, barafu inakuja na kuondoka, mimea inarudi ardhini. Hilo nalo lilipata Grand Prix Cannes, mwaka 2006. Kuongeza juu ya kuongeza.

Halafu Citroën C4 inayojikunja na kuwa roboti, inaanza kucheza dansi kwenye maegesho. Neill Blomkamp na studio ya The Embassy ya Vancouver. Gari la kweli haliwezi kucheza dansi, mkuu. Hapo kompyuta imefuta nini?

JichoLaFremu

Mdadisi, umekuja na silaha. Nakujibu moja baada ya nyingine.

Surfer. Farasi wale ni farasi kweli, weupe, wa jamii ya Lipizzaner. Walipigwa picha wakiruka, kisha wakawekwa ndani ya mawimbi yaliyopigwa Hawaii. Wazo limechotwa kwenye mchoro wa Walter Crane wa 1892 unaoonyesha farasi wa Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, wakitokea kwenye wimbi. Tazama miguu ya mbele inavyokunjwa hewani na shingo zinavyotupwa. Hakuna studio ya 1999 iliyoweza kuunda farasi wa namna ile toka mwanzo akakaa karibu na kamera kiasi kile. Nguvu yote ya picha inatoka kwa mnyama halisi mwenye uzito halisi. Na kuchagua nyeusi na nyeupe kulisaidia sana, kwa sababu povu na manyoya meupe vinakuwa vitu vya rangi moja, na mpaka kati yao unapotea wenyewe.

Citroën. Gari halichezi, ila kuna mtu alicheza. Mwendo ule ulichukuliwa kwa Marty Kudelka, mbunifu wa dansi aliyefanya kazi na Justin Timberlake, ukahamishiwa kwenye roboti. Ukiangalia bega linavyotangulia kabla ya goti kufuata, hiyo ni tabia ya mwili wa binadamu aliyefunzwa. Mafundi wangekaa wabuni mwendo huo wenyewe tungepata mashine inayotingishika, hatungepata mchezaji.

noitulovE ndiyo inayonipa kazi. Hapo nakubali kuwa imeongezwa mengi. Kwa hiyo naisogeza hoja yangu hatua moja, na naona imekuwa bora kuliko nilivyoileta: kompyuta inaweza kuongeza chochote, ila mwendo au mwanga lazima uwe umeazimwa kwenye kitu kilichowahi kuwepo. Hata noitulovE inaanza na watu watatu halisi wenye glasi mkononi, na mwendo wao wa kinyumenyume unakukaa akilini mpaka unawatambua walewale watatu hata wakishakuwa wanyama. Siku zote ni watatu, siku zote wamepangana vilevile.

Kifutio

Salamu wakuu. Ninafanya kazi hizi za kusafisha na kuunganisha picha, naomba niingie kwenye ufundi kidogo kwa sababu JichoLaFremu amegusa jambo ambalo sisi tunaishi nalo kila siku.

Macho ya binadamu ni mahakama kali sana kwenye vitu vitatu. Kwanza mahali kitu kinapogusa kingine. Kikombe kikikaa mezani, chini yake kuna mstari mwembamba wa giza ambao hakuna mtu anaufikiria. Ukikosekana, kikombe kinaelea. Pili ni ukungu wa mwendo: kitu kinachokimbia mbele ya kamera kinaacha ukungu wa urefu fulani, na cha kwako kikiwa na ukungu mfupi kuliko cha jirani yake, macho yanashtuka kabla akili haijajua kwa nini. Tatu ni mwanga.

Kwenye mwanga ndipo kazi ilipobadilika. Ukienda sehemu inapopigwa tangazo utaona baada ya kila shoti mtu anaingia na mipira miwili, mmoja unang'aa kama kioo na mwingine wa kijivu kisichong'aa. Mpira wa kioo unabeba taswira ya dunia nzima iliyouzunguka: taa ziko wapi, dirisha liko wapi, anga ina rangi gani. Ule wa kijivu unaonyesha mwanga unavyoanguka kwenye kitu cha kawaida na kivuli kinaanzia wapi. Paul Debevec alionyesha mwaka 1998 jinsi ya kuchukua mwanga halisi wa mahali kwa picha zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwangaza, kisha kuutumia kuangazia kitu cha kompyuta. Tangu hapo hatukisii tena taa ilikuwa wapi. Tunaipima. Kwa hiyo mkuu akisema mwanga uazimwe kwenye kitu halisi, kwetu huo ndio utaratibu wa kazi kabisa.

Mfano wa juu kabisa wa utaratibu huu ni Blackbird, gari ambalo studio ya The Mill ililitambulisha mwaka 2016. Lina magurudumu, injini ya umeme na kamera juu, lakini halina bodi. Urefu wake unaongezeka kwa zaidi ya mita moja, upana nao unarekebishwa, magurudumu yanabadilishwa. Unaliendesha barabarani kweli, linatimua vumbi kweli, springi zinabonyea kweli kwenye kona, na wakati huohuo kamera zake zinakusanya mwanga wa njia nzima. Baadaye fundi anaweka juu yake gari lolote, hata lile ambalo kiwanda bado hakijamaliza kuliunda. Gari unaloliona ni la kompyuta kabisa. Vumbi, mbonyeo na mwanga ni vya kweli.

Na kwenye kufuta, niseme hili kwa niaba ya wenzangu. Kuongeza joka kunakupa sifa. Kufuta kamba mgongoni mwa mtu anayepita mbele ya majani yanayopepea hakukupi sifa yoyote, kwa sababu ukifanikiwa hakuna anayejua kuwa ulikuwepo. Lazima uyajenge majani yaliyokuwa nyuma ya kamba, fremu kwa fremu, na yapepee sawa na wenzao.

DadaRangi

Kaka Kifutio, nimesoma mara mbili. Hapo kwenye mstari wa giza chini ya kikombe sitaangalia tena tangazo kwa macho ya jana.

Naongeza langu: Welcome Home ya spika ya HomePod, Apple, 2018, mwongozaji Spike Jonze. Mwimbaji FKA twigs anarudi nyumbani amechoka, anaomba muziki, anaanza kucheza, anasukuma ukuta na ukuta unasogea. Chumba kinarefuka, na pale kinaporefuka rangi zinavutika kama mistari. Niliamini ni kompyuta mpaka nilipoona jinsi lilivyotengenezwa. Kuta zile zilijengwa zikiwa na tabaka zinazochomoka, zikaendeshwa kwa mitambo wakati yeye anacheza. Anaposukuma, mkono wake unakutana na kitu kinachokataa kidogo kabla ya kukubali. Ule ukinzani upo kwenye kiwiko chake. Mchezaji anayesukuma hewa mbele ya kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukibadilisha baadaye kwa picha nyingine, hawezi kuupata, hata awe hodari vipi.

Rangi nazo zimepangwa kwa akili. Njiani kuelekea nyumbani kila kitu kimepauka. Ndani ya chumba rangi zinakuja kidogo kidogo kila ukuta unapofunguka. Hakuna neno linalosemwa kuhusu furaha, ila umeshaielewa.

Swali langu kwenu ni tofauti kidogo. Hawa watu wanauza kitu. Kama mnasifu udanganyifu uliofichwa vizuri, mpaka wake uko wapi? Pale mtu anapoamini kuwa bidhaa inafanya isichofanya, bado ni sanaa?

JichoLaFremu

DadaRangi, swali hilo lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1965, kesi ya Colgate-Palmolive kuhusu krimu ya kunyolea iitwayo Rapid Shave. Tangazo lilionyesha krimu ikipakwa kwenye msasa, kisha wembe unapita mara moja na msasa unabaki laini. Kilichonyolewa hakikuwa msasa hata kidogo. Ilikuwa plastiki angavu iliyomwagiwa mchanga. Msasa wa kweli ungehitaji kulowekwa kwa zaidi ya saa nzima. Mahakama ikasema: ukimwambia mtazamaji kuwa anashuhudia jaribio kwa macho yake, na jaribio lenyewe halipo, umemdanganya, hata kama bidhaa ingeweza kweli kufanya unachodai.

Kinachonivutia ni kwamba mahakama haikukataza uigizaji. Ilizungumzia mfano wa viazi vilivyopondwa vinavyowekwa mahali pa aiskrimu kwa sababu taa za studio zinaiyeyusha aiskrimu. Hiyo haina tatizo kama picha haitumiki kuthibitisha sifa ya aiskrimu yenyewe. Nadhani huo ndio mpaka. Mipira ya San Francisco haithibitishi chochote kuhusu televisheni, inakualika tu uzipende rangi. Farasi wa Glazer hawasemi kuwa bia inatoa farasi.

Wengine waliuvuka mpaka huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Campbell walikutwa wameweka gololi chini ya bakuli la supu ili mboga zipande juu na supu ionekane nzito. Mwaka 1990 tangazo la Volvo lilionyesha gari kubwa la maonyesho likizikanyaga gari kadhaa na Volvo peke yake ikibaki imesimama, kumbe Volvo ilikuwa imeimarishwa kwa ndani na gari nyingine zimedhoofishwa. Serikali ya jimbo la Texas ikaingilia kati. Kiufundi hizo kazi ni ndogo sana, gololi chache na nondo chache. Zinanichukiza kwa sababu zimetumia hila mahali palepale ambapo mtazamaji alitakiwa kupata ushahidi.

Mdadisi

Hapo nakuunga mkono bila masharti. Halafu kuna lile la Galaxy la 2013, chokoleti, ambapo mwigizaji wa sinema Audrey Hepburn anaonekana kwenye basi pwani ya Amalfi. Alifariki 1993. Familia yake iliridhia, mwigizaji wa kumfananisha aliigiza, na Framestore wakaunda uso. Kama kazi ya mikono ni ya ajabu, macho hasa. Ila mimi nilikaa vibaya nilipoliona. Mtu hakuwahi kuikubali ile kazi. Familia inaweza kutoa ruhusa ya jina na picha, lakini lile tabasamu kwa dereva ni uamuzi wa uigizaji, na yeye hakuufanya.

DadaRangi

Mdadisi umenisemea. Lilinikaa hivyohivyo.

Mtunza Kumbukumbu

Wakuu mnazungumza kama mambo haya yameanza juzi. Naomba niwarudishe nyuma.

Januari 1984 Ridley Scott aliitengenezea Apple tangazo la kompyuta ya Macintosh lililoonyeshwa kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani: safu za watu wenye vichwa vilivyonyolewa, sura kubwa kwenye skrini, na mwanamke anayekimbia na nyundo. Karibu lote ni watu, jukwaa na taa. Mwaka mmoja baadaye, Super Bowl ya 1985, Robert Abel na wenzake wakaleta Brilliance, roboti wa kike wa kromu aliyekaa kwenye kiti akizungumzia vyakula vya makopo. Kwa wakati ule hakuna aliyekuwa ameona kitu cha kompyuta kikigeuza kiuno vile.

Na sasa sikilizeni, kwa sababu inaingia moja kwa moja kwenye hoja ya mwanzisha uzi. Hawakuwa na mitambo ya kunasa mwendo kama ya leo. Walimchukua mwanamke, wakamwekea madoa meusi kwenye maungio ya mwili, wakampiga picha kutoka pande kadhaa akifanya miondoko ile, kisha wakafuatilia madoa hayo ili kumpa roboti mwendo. Yaani hata kwenye roboti wa kwanza kabisa aliyetikisa televisheni, mwendo uliazimwa kwa mtu.

Mwaka 1993 wakaja dubu weupe wa Coca-Cola kutoka studio ya Rhythm & Hues. Wale walihuishwa kwa mkono wa fundi, pozi kwa pozi, hawakutoka kwa dubu aliyevalishwa madoa. Kwa hiyo hoja ya mkuu ina tundu hapo. Dubu wale wana uzito, wanaketi kwenye theluji na makalio yanatua kama inavyopasa, na hakuna dubu aliyeazimwa. Kuna jicho la mhuishaji tu.

JichoLaFremu

Mtunza Kumbukumbu, hilo tundu nalipokea na silizibi. Mhuishaji mzuri ameangalia wanyama mpaka mwendo wao umemwingia mwilini. Tuseme kuazima kuna njia mbili, kupitia kamera na kupitia jicho la mtu, na hiyo ya pili ni ngumu zaidi. Monty, pengwini wa tangazo la maduka ya John Lewis ya Uingereza la 2014, ni wa njia hiyo. Studio ya MPC walimjenga kwa kompyuta, Dougal Wilson akaongoza, na ukimtazama unadhani ni pengwini aliyekodishwa.

Kifutio

Kwa kuwa mmetaja Rhythm & Hues, MPC na The Mill, niseme kitu kinachonikaa moyoni. Tangazo halina orodha ya majina mwishoni. Sinema ikiisha unaona mamia ya majina yanapanda. Tangazo likiisha unaona nembo ya kampuni, kisha taarifa ya habari. Aliyekesha kwenye manyoya ya yule pengwini humjui na hutamjua.

Na nyumba zenyewe, yaani hizo studio, zinaanguka. Rhythm & Hues waliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2013, siku chache kabla kazi yao haijapewa Oscar. Februari 2025 kundi la Technicolor, lililozimiliki, liliporomoka na kuburuta MPC na The Mill, milango ikafungwa Uingereza na Marekani karibu ndani ya wiki moja. The Mill ilianzishwa London mwaka 1990. Nusu ya matangazo tunayoyasifu kwenye nyuzi kama hizi yamepita kwenye moja ya nyumba hizo. Watu waliopotezewa kazi ndio walewale waliofuta kamba bila kutajwa.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja: mkisifu tangazo hapa, tajeni na studio ya picha kama mnaijua. Mwongozaji anatajwa kila mahali tayari.

SitiYaMbele

Kifutio, pole kwa wenzako. Nilikuwa najua majina ya waongozaji tu, sasa nitatafuta na studio.

Naomba kuuliza. Sasa hivi akili mnemba inatengeneza tangazo zima. Coca-Cola mwaka 2024 walilirudia lile tangazo lao la malori mekundu ya Krismasi la 1995 kwa njia hiyo. Mnalionaje?

Kifutio

Nililiangalia kwa kasi ndogo. Tatizo langu ni lilelile la mahali pa kugusana. Magurudumu na barabara hawajuani. Kuna mahali lori linateleza na gurudumu halizunguki kwa kiasi cha mwendo wa lori. Shoti zenyewe ni fupi fupi sana, zinakatwa kabla hujapata muda wa kukagua. Linganisha na Carousel iliyokuachia dakika mbili na zaidi ukague utakavyo.

Sisemi chombo hakifai. Mashine zinazojifunza tunazitumia kutenganisha mtu na mandhari, kazi ambayo zamani ilikuwa kuchora mzingo wa mwili kwa mkono kila fremu, na zinatuokolea muda mwingi. Ila mashine iliyojifunza kutoka kwenye picha inajua vitu vinavyoonekana. Lori lina tani ngapi, haina habari. Siku mtu atakapoendesha lori halisi kwenye theluji halisi, akachukua mbonyeo wake na mwanga wake, kisha akampa mashine kazi ya kumalizia, tutaona kitu kingine.

KijanaWaBlender

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Ninajifunza mwenyewe, nina simu na kompyuta ya kawaida, na Blender, programu ya kutengeneza picha za kompyuta, kwa kuwa ni ya bure. Nimekuwa nikitengeneza milipuko na majengo yanayoanguka lakini kila nikimwonyesha mtu anajua ni ya kompyuta ndani ya sekunde moja. Nianzie wapi?

Kifutio

Marahaba kijana. Weka milipuko pembeni kwa sasa.

Chukua mpira mmoja wa kawaida, uweke mezani karibu na dirisha, upige video fupi kwa simu ikiwa imetulia. Zima marekebisho ya mwanga ya simu ili mwangaza usibadilike katikati. Kabla ya kuondoka hapo, weka kitu cha mviringo kinachong'aa palepale ulipo mpira na ukipige picha kadhaa, nyeusi zaidi na nyeupe zaidi, kisha kitu cha kijivu. Hiyo ndiyo kumbukumbu yako ya mwanga. Sasa ndani ya Blender tengeneza mpira wa pili, uuweke pembeni ya ule wa kweli. Kazi ni hiyo tu: mipira miwili, mmoja wako.

Anza na kivuli cha mahali unapogusa meza, halafu kivuli kikubwa, halafu rangi ya meza inayorudi chini ya mpira, kwa sababu meza nayo inaangaza. Mwisho kabisa ongeza chembechembe za picha ya simu yako, maana mpira wako utakuwa msafi kupita kiasi. Mwonyeshe mtu asiyejua, umuulize upi wa kweli. Akianza kukisia, ubingirishe wa kweli, kisha na wako. Hapo ndipo utakapokutana na ukungu wa mwendo.

KijanaWaBlender

Nimeelewa mkuu. Kitu kinachong'aa sina mpira wa kromu, naweza kutumia upawa wa chuma?

Kifutio

Unafaa kwa kuanzia. Tumia mgongo wake, si upande wa kuchotea, na kumbuka hauna umbo la mpira kamili, kwa hiyo taa zitaonekana zimevutika. Ukikwama kwenye kivuli, weka hapa picha ya kweli na ya kwako, zote mbili za ukubwa mmoja, nikuonyeshe penye tatizo.